Barua Pepe za Baba Mkwe

Kibanda changu cha ufundi kompyuta kipo Ngokolo, mjini Shinyanga, na upana wake ni wa meza moja na kiti kimoja. Mteja akiingia, inabidi nirudi nyuma mpaka mgongo uguse rafu. Wateja wamezoea, tunaongea hivyo hivyo pua kwa pua na hakuna anayelalamika. Lakini siku mama mkwe aliponipigia simu kutoka Samuye akasema, "Mkamwana, baba yenu anakuja huko na kompyuta yake," kitu cha kwanza nilichokitazama ni ule upana. Nikasema moyoni, jamani, tutakaaje humu?

Kwa asiyejua, nieleze. Mimi ni Msukuma, nimeolewa na Msukuma, na kwetu mkamwana na baba mkwe hawakaribiani. Namsalimia kwa kupiga magoti, nikiwa mbali kidogo, macho chini. Sipiti mbele yake kama naweza kuzunguka. Sikai naye chumba kimoja tukiwa wawili tu. Na jina lake silitaji, awepo asiwepo. Mtu mwingine mwenye jina hilo hilo namwita "yule jamaa", na mtangazaji wa redio akilitamka napunguza sauti. Wapo wenzangu wa mjini wanaonicheka. Mume wangu mwenyewe alishawahi kuniambia niache mambo ya kizamani. Nikamwambia aanze yeye kuacha kumkimbia mama yangu sokoni. Hajarudia tena.

Baba mkwe alikuwa karani wa getini katika kampuni moja ya mizigo pale Isaka, kwenye bandari kavu, malori yanakopakia makontena ya kwenda nchi jirani za upande wa magharibi. Siku za kazi alilala Isaka kwenye chumba cha kupanga, mwisho wa juma akarudi Samuye kwa mama na kwa ng'ombe wake. Kazi hiyo aliianza mume wangu akiwa bado anavaa kaptura za shule. Sasa likatoka kontena la matairi, likachukuliwa na lori lisilo lake, na mwenye mali akaja juu. Mkubwa wa zamu wa wakati ule alikuwa ameshaacha kazi, sanduku lake la barua pepe limefutwa, na simu yake haipatikani. Baba mkwe akasema, mimi niliandikiwa imeli na mkubwa wangu kwamba nitoe. Wakamwambia, sawa mzee, tuonyeshe. Akafungua kompyuta mbele yao. Hakuna kitu.

Bila ile barua pepe, yeye ndiye aliyegawa mali ya watu. Hakuna aliyelitamka neno mwizi, lakini aliitwa mbele ya kamati, akapewa muda mfupi wa kuleta ushahidi, na pale getini wenzake wakaanza kunyamaza akipita. Akikosa, kazi imekwisha, na imekwisha vibaya, karibu kabisa na kustaafu. Mama mkwe alinieleza haya kwa sauti ya chini kama vile mwenyewe yuko chumba cha pili. "Hali chakula," akasema. "Ugali anautazama tu, kisha ananawa."

Alikuja asubuhi. Nilimwona ng'ambo ya barabara amesimama mbele ya fundi cherehani, kompyuta ameikumbatia, ameizungushia kitenge cha mama. Hakuvuka. Nikatoka, nikapiga magoti pale pale kizingitini, bodaboda zinapita katikati yetu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," akaitika, yaani mama kwa Kisukuma. "Hamjambo?"

"Hatujambo, baba."

Akampa fundi cherehani ile kompyuta. Fundi cherehani akavuka nayo, akanikabidhi, akarudi kwenye kazi yake. Baba mkwe akaketi kwenye benchi la wateja wa fundi cherehani, miguu pamoja, mikono magotini, akatazama barabara. Nikaelewa kwamba ndiyo mpango wenyewe huo, na atakaa pale mpaka nimalize.

Haya. Sasa fundi yeyote atakwambia, kompyuta bila mwenyewe ni nusu ya kazi. Nilikuwa na maswali, na mwenye majibu yuko hatua chache tu, namwona hadi vifungo vya shati. Nikampigia mume wangu, ambaye yuko Geita, mgodini, anafanya kazi za zamu. Nikamwambia, "Muulize baba neno la siri la kompyuta." Nikakata. Ng'ambo ya barabara nikamwona baba mkwe anatoa simu mfukoni, anaitazama, anaiweka sikioni. Anaongea kidogo. Anakata. Simu yangu ikaita.

"Anauliza la nini," mume wangu akasema.

"Ala! Nitaingiaje bila neno la siri? Kwa dirishani?"

Akakata. Ng'ambo simu ikapokelewa tena. Safari hii baba mkwe aliinama sana, akafunika mdomo kwa kiganja. Simu iliporudi kwangu, mume wangu alikuwa anacheka hadi anakohoa. Neno la siri lilikuwa ni jina la dume lake la ng'ombe, lile jekundu, alilouza mwaka mume wangu alipokwenda chuo. Nikaandika, kompyuta ikafunguka. Mama mkwe alipopata habari hiyo baadaye alinuna wiki nzima. "Miaka yote hii nimemzalia na kumpikia," aliniambia, "halafu mtu anakaa chini, anatafuta jina la kukumbuka maisha yake yote, anaandika ng'ombe!"

Tukaendelea hivyo asubuhi nzima. Swali langu lilikwenda Geita, likarudi Ngokolo, likavuka tena kwenda Geita, likarudi kwangu, yote hayo kwa upana wa barabara moja ya vumbi. Kompyuta uliipeleka kwa fundi yeyote kabla? Hapana. Uliwahi kufuta barua? Hapana, kufuta barua ya mtu ni utovu wa adabu. Ilianza lini kukataa? Umeme ulipokatika. Halafu mume wangu akasema, "Mama watoto, nashuka chini sasa, simu nazima," na mawasiliano yakafa. Mimi na baba mkwe tukatazamana kidogo kwa bahati mbaya, wote tukageuza macho. Nikamtuma fundi cherehani amwambie mzee arudi nyumbani, kazi ni ya siku kadhaa.

Nilichogundua ni hiki. Kampuni yao ilikuwa na seva ya zamani, ambako barua pepe za wote zilikaa. Kila kompyuta ilijiwekea na nakala yake ndani, ili mtandao ukikatika karani aendelee kusoma. Kisha kampuni ikahamia seva mpya, ya zamani ikazimwa. Barua za wengi zilihamishwa salama, lakini sanduku la baba mkwe lilikuwa limejaa kupita kiasi, kwa ile adabu yake ya kutofuta, na halikuhama. Akafunguliwa sanduku jipya, jeupe kama sahani iliyooshwa. Zile za zamani zikabaki mahali pamoja tu duniani, kwenye nakala ya ndani ya kompyuta yake, faili moja kubwa ambalo sanduku jipya halikulitambua. Na kama vile hiyo haikutosha, umeme ukakatika siku ile ile ya kuhama, faili likiwa linaandikwa, na betri ya kompyuta ilishakufa siku nyingi. Faili likaharibika.

Kanuni yangu ni moja: faili la mteja siligusi. Nalitolea nakala, nakala ndiyo naisumbua, lenyewe linabaki lilivyokuja. Hapo ndipo nilipokutana na shida ambayo sidhani kama fundi wa Arusha au Dar es Salaam amewahi kukutana nayo. Faili lile liliitwa kwa jina lake. La kwake, la baba yake na la ukoo, yamefuatana na nukta katikati, kama mashine zinavyoyapanga. Yalikuwa pale kwenye kioo yananitazama.

Cheka ukitaka. Kulisoma kimoyomoyo nadhani si kosa. Lakini mimi nikifanya kazi huwa naongea peke yangu: haya fungua, haya funga, mbona wewe umegoma? Na nilijua lazima nitampigia fundi mwenzangu wa Mwanza kuomba ushauri, ataniuliza faili linaitwaje, nami nitamsomea kwa sauti. Kwa hiyo nakala yangu nikaipa jina jingine. Nikaandika Baba. Nikajisikia nafuu kweli, nikavuta kiti, nikaanza.

Programu ya kawaida ya kukarabati ililitafuna lile faili muda mrefu, kisha ikaniambia kwamba hili si faili la barua. Hivi hivi, bila hata haya. Nilitamani kuipiga kofi. Fundi wa Mwanza akanielekeza programu nyingine, ambayo haijali kama mwanzo wa faili umekufa. Yenyewe inapita kipande kwa kipande, ikitenga kizima na kibovu, kama mtu anavyochambua mawe kwenye mchele. Niliiacha ikifanya kazi, nikatengeneza simu za watu pembeni, nikila karanga kwa wasiwasi. Alasiri ikamaliza. Orodha ndefu ikateremka kwenye kioo: tarehe, watumaji, vichwa vya barua, maelfu. Nikapiga kigelegele. Mume wangu alikuwa ametoka zamu, nikamwambia, "Zimepatikana! Mwambie baba!" Akamwambia. Mama mkwe akapiga simu jioni kunishukuru, akasema mzee amekula ugali wote na kuomba mboga tena.

Kesho yake nikafungua barua ya kwanza ili nione. Tupu. Ya pili, tupu. Kichwa kipo, tarehe ipo, ndani hakuna hata neno. Nilikuwa nimepata bahasha, barua hazimo.

Sikujuta kazi, kazi hurudiwa. Nilijuta ule ugali. Nilimfikiria yule mzee amekula akashiba kwa neno langu, na sasa nimpelekee neno jingine kupitia Geita. Nilikaa na simu mkononi mpaka ikazima kioo chenyewe. Mwisho nikampigia mume wangu nikamwambia ukweli, na yeye akasema, "Mimi simwambii. Fanya tena." Nilikasirika, nikamwita mwoga, tukakata simu tukiwa tumenuniana. Lakini nilifanya tena.

Safari hii nilianza upya kabisa, kwenye diski yenyewe. Niliitoa, nikaiunganisha na kompyuta yangu, nikagundua ina sehemu inayosomeka kwa shida. Nakala yangu ya kwanza ilikwama pale, ikayaruka matumbo yote ya barua. Nikatumia njia ya polepole, ile inayosoma sehemu mbovu, ikikataliwa inajaribu tena, ikikataliwa inajaribu tena, bila hasira. Natamani ningekuwa na moyo huo. Ilichukua siku kuamkia siku. Nakala hii mpya nayo nikaiita Baba, nikaipitisha kwenye ile programu ya kuchambua, na nilipofungua barua ya kwanza, maneno yakawepo.

Niliifunga hapo hapo. Barua za miaka yote za baba mkwe ni sawa na chumba chake cha kulala; mkamwana haingii. Sikutafuta kwa jina lake, nilitafuta kwa jina la yule mkubwa wa zamu. Zikaja zake peke yake. Nikashuka taratibu mpaka tarehe za kontena, na ikawepo, fupi kabisa: "Mzee, toa kontena la matairi kwa lori lililopo getini. Karatasi zake nitakuletea mimi mchana."

Nilipiga kelele mpaka fundi cherehani akavuka mbio akidhani nimepigwa shoti. Nikamkumbatia, maskini, na tepu yake shingoni. Kisha nikaiprinti ile barua, nikaiweka kwenye bahasha na maelezo mafupi ya jinsi nilivyoipata, nikaipeleka kwa kondakta wa basi la Kahama aishushe Isaka. Kwenye karatasi, juu kabisa, kwa herufi nene, programu ilikuwa imeandika jina la mwenye sanduku, kama inavyofanya siku zote. Ilichukua lile nililoipa. Iliandika Baba. Niliona, na wala halikunishtua.

Kamati ndiyo iliyoshtuka. Mume wangu alinipigia siku ya kikao, sauti imepotea. "Wanauliza hii ni barua ya baba nani. Wanasema karani aliandikiwa kwa jina lake, kwa nini karatasi ina jina jingine? Mmoja amesema inaonekana imetungwa nyumbani. Wanakutaka wewe, uje Isaka na kompyuta. Wameahirisha mpaka kesho."

"Mimi? Mbele ya baba?"

"Wewe. Mbele ya baba."

Nilikaa kwenye kiti changu nikaona nilichokifanya. Nilitaka kumheshimu, na heshima yenyewe ndiyo imemtia kitanzini. Nililia kwa hasira, kisha nikaosha uso nikafungasha kompyuta.

Ofisi ya kikao ilikuwa chumba kidogo kinachotazama uwanja wa makontena, madirisha wazi, honi za malori zinaingia na kutoka. Walikuwepo mwenyekiti, mtu wa pwani mwenye Kiswahili cha taratibu, na ofisa utumishi, mama wa makamo ambaye salamu yake tu ilinionyesha ni wa kwetu, na kijana wa masijala mwenye kinasa sauti. Baba mkwe alikuwa kwenye kona. Alikuwa amepungua, shati limekuwa kubwa. Nilipiga magoti nikamsalimia, akaitika, nami nikaenda kuketi karibu na mlango, bega nimempa yeye.

Mwenyekiti hakuwa mkali. Aliniuliza kazi yangu, akaniuliza nilivyofanya, nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, na alisikiliza vizuri. Kisha akainua ile karatasi. "Na hili, dada yangu? Baba?"

Nikaeleza. Nilisema mzee huyu ni mkwe wangu, na kwetu jina la mkwe halitajwi, kwa hiyo nakala niliipa jina la kumwita. Ofisa utumishi akatikisa kichwa kwa kuelewa, na nikamwona anajizuia kutabasamu. Mwenyekiti naye akatikisa kichwa.

"Mila naielewa, na kwetu tunazo," akasema. "Lakini karatasi hii haijui mila. Unalo faili la asili?"

"Ninalo. Halijaguswa." Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha diski ya mzee, faili na jina lake, na tarehe yake ya mwisho, ile ya umeme kukatika, kabla hata kesi haijaanza. Akainama akasoma.

"Vizuri. Sasa tamka hapa, faili hili linaitwaje, ni la nani."

"Si umeshalisoma, mheshimiwa?"

"Nimelisoma. Lakini shahidi ni wewe, siyo mimi."

Ofisa utumishi akasema, "Mwenyekiti, tumruhusu aonyeshe kwa kidole."

"Kinasa sauti hakioni kidole, mama. Wakubwa huko juu watasikiliza hiki, na mwenye matairi naye atasikiliza. Nisipokuwa na sauti ya fundi inayosema faili hili ni la fulani, watasema nimempendelea mzee."

Alikuwa sahihi, na ndiyo maana nilizidi kumchukia wakati ule. Nilifungua mdomo. Mungu wangu, ulimi ulikuwa mzito kweli kweli. Si kwamba niliogopa laana, mimi ni mtu wa kanisani na mtu wa kompyuta. Ila mzee alikuwa pale nyuma ya bega langu, amefedheheka vya kutosha, watu wameshamvua kila kitu. Kilichobaki ni mimi, mke wa mwanawe, bado nampigia magoti. Nimvue na hicho? Nikafunga mdomo. Kijana wa masijala akatazama dari.

Nikasikia kiti kinasogea.

"Naomba nitoke," baba mkwe akasema.

Mwenyekiti akashangaa. "Mzee, hili ni shauri lako. Ukitoka, itabidi tuandike kwamba umeondoka kikaoni kabla ya kumaliza. Haitasomeka vizuri."

"Andikeni," akasema. "Mtoto hawezi kusema nikiwa hapa. Nikitoka, atasema."

Akapita. Ili afike mlangoni ilibidi apite karibu yangu kuliko alivyowahi kupita tangu niolewe, na alipita kwa ubavu, akijibana ukutani asiniguse. Tuliusikia mwendo wake kwenye kokoto ukienda mbali, mbali, mpaka honi ikaumeza.

Nikakigeukia kile kinasa sauti. Nikalitaja. Jina lake, la baba yake, la ukoo wao, taratibu, moja baada ya jingine, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na papo hapo niliona fahari ambayo sikuitegemea, kana kwamba ndiyo kwanza nimemtambulisha kwa watu. Nikasema, "Faili hili ni lake, na barua hii aliandikiwa yeye, na alifanya alichoagizwa." Ofisa utumishi alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Waliniomba nisubiri kwenye korido. Walilinganisha barua ile na nyingine za mkubwa yule yule walizoandikiwa makarani wengine, zilizokuwa kwenye seva mpya, wakapiga simu mahali. Halafu mwenyekiti mwenyewe akatoka. Akasema mzee hana kosa, atarudi kazini kwake kama kawaida. "Nenda umwite," akaniambia, "aje asaini."

Nikaangaza huku na huku kutafuta wa kumtuma. Hakukuwa na fundi cherehani wala mume wala mama. Nikaenda mwenyewe.

Alikuwa ng'ambo ya mizani ya malori, kwenye kivuli cha lori lililoegeshwa, amenipa mgongo. Nikapiga magoti kwenye kokoto.

"Baba."

Hakugeuka. "Wamesemaje?"

"Wamesema huna kosa, baba. Unarudi kazini. Wanakuita usaini."

Niliona mabega yakishuka, kisha magoti, akachuchumaa polepole huku mkono mmoja ameshika tairi la lori. "Wabeja, mayu," akasema, akinishukuru kwa Kisukuma. Akarudia, "Wabeja sana." Na alipogeuka akanitazama usoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa kusudi, alikuwa analia waziwazi bila kujificha, na mimi nikashindwa kujizuia, tukalia wote wawili pale, kila mmoja mahali pake.

Miguuni pake palikuwa na begi. Alilisukuma kwa mkono mpaka likafika katikati yetu.

"Asubuhi nilirudisha ufunguo wa chumba," akasema. "Treni ya Tabora inapita jioni. Nilisema wakiniandika mwizi, Samuye sirudi. Mama yenu angekaaje na watu?" Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Sasa nataka leo nikalale nyumbani. Nikifika na begi hili, ataelewa. Leo asilione. Unibebee wewe."

Nguo za baba mkwe hazishikwi na mkamwana, hilo hata mtoto wa kwetu analijua, na yeye alilijua kuliko mimi. Nikalipokea kwa mikono miwili. Nililipakata mapajani ndani ya basi mpaka Shinyanga. Zipu yake ilikuwa mbovu, ikaachia njiani, na juu ya nguo zote alikuwa amelikunja vizuri koti lake zito la baridi, wakati miezi ya baridi ilikuwa bado mbali sana.